Mgongo Niliompa Kukhu

Nafula mwanangu,

Nakuomba jambo moja kabla hujaenda mstari wa pili. Haya ninayoandika yasisomwe na macho mengine ila yako. Yasisomwe na rafiki utakayempata kitanda cha juu, wala matroni, na kwa sasa hata mama yako asiyajue. Nitaikunja barua hii ndani ya kamusi, kwa sababu sanduku lako litapekuliwa getini na watu wanaotafuta simu na biskuti, na sijawahi kuona mtu akipekua kamusi. Ukishamaliza irudishe hapo hapo, au uichane. Najua si haki kumpa mtoto wa miaka kumi na tano siri ya mtu mzima aende nayo shule ya mbali. Lakini naogopa, na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Leo ni Jumatatu, saa nane imepita kidogo, na niko kazini hospitalini Hurlingham. Asubuhi ya kesho tutabeba sanduku hadi mjini upande basi. Habari za kufuli, sabuni na viatu vya mvua sitaziandika. Ziko kwenye orodha ya shule na umezikagua mwenyewe mara mbili, maana umenirithi hofu ya kusahau vitu. Bibi yako Kukhu ameshalazwa kitandani kwake karibu na dirisha, mashine ya figo imeanza kumzungushia damu. Atatoka saa kumi na mbili. Kutoka mezani kwangu naona kupitia kioo soksi zake za buluu, zile ulizomnunulia. Nina saa nne.

Jana uliniuliza mara tatu nani atakuwa akimpima Kukhu ukishaenda. Mara ya kwanza nilikujibu. Mara ya pili nilicheka. Mara ya tatu nilikwambia wacha maswali, panga nguo. Samahani kwa hiyo mara ya tatu.

Nianze mbali kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini, wewe ukiwa tumboni, nilipopelekwa Bungoma kujitambulisha kwa kina mama yako. Mimi ni mtoto wa Kangemi. Baba yangu alikuwa fundi wa mabomba, alitulea kwa Kiswahili, na nyumbani tulienda kwa mazishi tu. Mambo ya huko niliyajua kama mtu anavyojua mvua ya mji mwingine. Basi tulipokuwa tumekaa na wazee, nilimwona mama mmoja mwembamba akipita nyuma ya jikoni na ndoo ya maji. Nikainuka na adabu zangu zote za shule, nikamwendea, nikamnyooshea mkono. Akaiachia ndoo ikamwagika.

Mzee mmoja akauliza, "Huyu kijana wa Nairobi anataka kuoa mtoto ama mama?"

Walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Nilitozwa faini ya kuku, na mama yako alinicheka njia nzima hadi Nairobi. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtu wa kwanza darasani miaka yote, Nafula, na hakuna kitu kilichonitisha kama kukosea mbele ya watu. Niliporudi nilinunua daftari, nikawauliza wazee wa kwetu waliokuwa Kangemi, nikaandika yote. Mama mkwe humshiki mkono. Huli naye meza moja. Hamlali chini ya paa moja. Humkazii macho. Na kama anavua hata leso ya kichwa, unageuza uso.

Niliyasoma kama mtihani. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba waliozaliwa ndani ya desturi wanajua pale inapolegea. Mimi niliyeisoma kwenye daftari nilijua pale inapokaza tu.

Sasa nikueleze kazi yangu, ambayo huenda unafikiri unaijua. Mizani iko hatua mbili kutoka mezani kwangu. Mgonjwa anavua koti na viatu, anapanda, mizani inatoa mlio mfupi, namba inaonekana, mimi naisoma na kuiandika. Sista anachukua namba hiyo na kuondoa ule uzito aliouweka daktari, uzito wa mgonjwa asiye na maji ya ziada mwilini. Tofauti ndiyo maji ambayo mashine itayavuta kwa saa nne. Ya Kukhu ni sitini na mbili. Akija na sitini na nne, mashine inavuta kilo mbili za maji. Kama namba ya kwanza ni ya uongo, mashine haijui. Inavuta tu.

Miaka mitatu ya mwanzo mama yako ndiye aliyekuwa akimleta, na alimpima mwenyewe kwa kelele nyingi, "Mama, vua hiyo koti, hapa si kanisani." Kisha akaenda Uarabuni kufanya kazi, akaniachia mama yake. Siku ya kwanza Kukhu aliposimama mbele ya mizani, akiwa na lile koti zito la kijani, kitu fulani shingoni mwangu kiligeuka chenyewe. Ningewezaje kumwambia mama mkwe neno kama "vua"? Nilimpa mgongo. Nikasikia mlio. Nikasema nikitazama ukuta, "Nisomee, Mama." Akanisomea. Nikaandika.

Ningeweza kumwita Sista Njoki ampime yeye. Nilimwita mara mbili. Mara ya pili akaniambia mbele ya watu wa benchi, "Karani, kwani huyu mama anauma?" Watu wakacheka. Nikajiona tena nimesimama kwenye yale matope ya ndoo. Sikumwita tena.

Mwanzoni haikuwa na shida, nakwambia ukweli. Koti tulilizoea, na daktari aliona uzito unaenda sawa. Macho ya Kukhu yalikuwa mazuri, na kichwa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alijua siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu na bei ya mahindi ya mwaka uliopita. Watu walisema, tazameni mkwe mwenye heshima. Nilifurahi kusikia hivyo. Huo ndio ukweli wa aibu kuliko wote, kwamba nilifurahi.

Halafu mambo yakaanza kudondoka. Unayajua mengine kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyelala naye chumba cha chini, tulichompangia ili asilale nyumba moja na mimi. Chumvi kwenye chai. Kukuita Nekesa, jina la mama yako, na kukugombeza kwa makosa ambayo mama yako aliyafanya akiwa msichana. Kuuliza kama ng'ombe wa babu ameshakamuliwa, ng'ombe aliyeuzwa kabla hujazaliwa. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni pake kila asubuhi nikienda kazini, nasimama nje ya pazia, namsalimu kwa wingi kama inavyotakiwa, "Mmeamkaje, Mama?" Naye anajibu, "Tumeamka." Basi. Huo ndio ulikuwa utunzaji wangu. Wewe ulikuwa ukienda shule alfajiri, unarudi jioni, na katikati hapo alikaa peke yake akitazama pazia. Mtu ambaye Bungoma alikuwa hawezi kwenda kisimani bila kusimamishwa na watu sita.

Nilimwuliza Sista Njoki wakati wa chai, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa yeyote. Sista Njoki unamjua, yule wa Mutuini anayetuletea sukuma wiki za shamba lao. Nikasema, hivi kwa nini watu wa mashine wengine wanaanza kupotea akili? Akaweka kikombe chini. Alisema ndiyo, huwapata, na mapema kuliko watu wengine. Wengi figo zao ziliharibiwa na sukari au presha, na hiyo sukari na hiyo presha haikugusa figo peke yake, iligusa mishipa midogo ya kichwa pia. Wengine wamepata viharusi vidogo ambavyo hata wao hawakuvijua. Damu yao ni kidogo. Hawalali vizuri. Umri unaenda, miaka ya mashine inaongezeka. Wengine wana huzuni na hawasemi, au wanakaa kutwa bila mtu wa kuzungumza naye, na akili isiyozungumzishwa inasinzia.

Kisha akasema, "Na ile presha kushuka wakiwa kwa mashine. Ukivuta maji mengi haraka, presha inaanguka, kichwa kinakosa damu kidogo. Leo kidogo, Alhamisi kidogo. Ni kama kukata maji ya shamba kila wiki halafu unashangaa mboga imenyauka."

Nikamwuliza, kati ya hayo yote lipi hasa. Akasema, "Huwezi kunyoosha kidole kimoja."

Sentensi hiyo ni ya kweli. Nimeirudia kichwani miezi mingi, nikajifunika nayo kama blanketi. Jihadhari na hilo, Nafula. Wakati mwingine mtu hajifichi nyuma ya uongo, anajificha nyuma ya jambo la kweli, na hapo ni vigumu sana kumtoa.

Kuna siku ya kliniki nataka kukukumbusha. Daktari alimwuliza Kukhu ni mwezi gani. Kukhu akatabasamu, akatazama juu ya bega la daktari, akajibu sawasawa. Ulikuwa umesimama pale nyuma umeinua vidole. Nilikuona. Daktari akaandika kwamba mgonjwa yuko sawa, na mimi moyoni nikakushukuru. Sikupaswa kukushukuru. Tulikuwa watu watatu tukimficha mtu mmoja, na mmoja kati ya hao watatu alikuwa yeye mwenyewe. Kila mmoja wetu alifikiri anamstahi.

Sasa ya leo.

Saa nane kasorobo Kukhu aliingia na Mama Shiru, mwenye nyumba wetu, aliyejitolea kumleta kwa kuwa wewe ulikuwa ukipanga sanduku. Nilisimama, nikasalimu, nikageuka ukutani. Nikamsikia akisema, "Sitini na nne nukta mbili."

Ndipo nikangoja mlio. Haukuja. Nikachungulia chini: kiatu chake kilikuwa bado sakafuni. Alikuwa ameitaja namba kabla hajapanda, na akishaitaja akapita zake ndani kama mtu aliyemaliza kazi.

Niliiandika. Mkono wangu uliiandika, Nafula. Kisha nikafungua faili na kurudi nyuma. Alhamisi, sitini na nne nukta mbili. Jumatatu iliyopita, vilevile. Kurasa tano za namba ileile, na akitoka, sitini na mbili kamili, kila mara. Hakuna binadamu anayekunywa maji kiasi kilekile kila wiki. Mimi ndiye karani anayesifiwa kwa kuona kosa la nukta moja, na nimeandika hayo kwa mwandiko mzuri bila kuuliza. Pembeni, kwa mwandiko wa masista, kuna maneno mengine: presha imeshuka. Kizunguzungu. Presha imeshuka. Daktari alikuwa ameanza kufikiri ni moyo.

Hapo nikachukua karatasi hizi nikaanza kukuandikia. Sasa ni saa tisa na robo. Nimeweka siri juu kabisa, nikakueleza kuku wa faini na mabomba ya baba yangu, na Sista Njoki yuko hatua kumi na mbili kutoka hapa. Nimezihesabu kwa macho. Naona kwamba barua hii

*

Nimerudi. Ni saa kumi na dakika ishirini. Sikumalizia ule mstari kwa sababu mashine ililia.

Nilitazama kwenye kioo nikaona soksi za buluu zikipanda juu. Ndivyo wanavyofanya presha ikianguka, wanainua miguu damu irudi kichwani. Sista Njoki alikuwa ameinama akimpiga Kukhu mashavu taratibu akimwita, "Mama. Mama, niangalie." Kukhu hakuwa akimwangalia. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hakukuwa na mtu nyuma yake.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba sikuwa jasiri. Nilisimama kwa sababu kukaa kuliniuma zaidi. Nikaingia nikiwa bado na kalamu mkononi.

"Sista, namba ya Mama si ya leo."

"Namba gani?"

"Ya uzito. Hakupanda mizani. Ameitaja tu kwa kichwa. Mimi sikuangalia."

Hakunitazama. Mikono yake ilienda kwenye mashine, akasimamisha kuvuta maji, akamfungulia Kukhu dripu ya maji ya chumvi. Alipomaliza ndipo akauliza, kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Wiki tano ninazoziona. Labda zaidi."

"Wekesa. Wagonjwa wa wengine huwa narudia kuwapima. Wako sijawahi kurudia."

Sijawahi kupigwa na baba yangu kipigo kilichoniuma kama hicho.

Kukhu alirudi polepole. Kwanza mikono, ikatafuta pindo la blanketi. Kisha akauliza kama ng'ombe wameingia. Sista Njoki akamwambia wameingia wote. Mimi nilisimama pale pale kitandani, nimemtazama usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ana alama ndogo ya kuzaliwa juu ya jicho la kushoto. Kumbe nawe unayo alama kama hiyo. Miaka kumi na tano sikuwa nimejua umeitoa kwa nani.

Sista alinitoa koridoni. Nikamwuliza lile swali nililokuwa nimelikimbia.

"Ni mimi nimemharibu akili?"

Alivuta mlango ukafungika. Kisha akasema, "Sukari ilianza kabla yako. Presha pia. Miaka sita kwa mashine ni mingi. Siwezi kukuambia ni wewe, na siwezi kukuambia si wewe. Hiyo utaibeba hivyo hivyo."

Akaniambia niandike taarifa leo kabla sijatoka, na yeye ataandika yake, na kesho msimamizi atazisoma zote mbili. "Na usiandike ile Kizungu yako nzuri. Andika kitu ulifanya."

Nimeiandika. Ni nusu ukurasa. Nilishangaa jinsi ukweli ulivyo mfupi, nilipokumbuka urefu wa hii niliyokuwa nakuandikia.

*

Saa kumi na mbili na nusu. Wamemaliza, na nimeona ninachopaswa kukueleza mwisho, nacho ndicho kilichonifanya nisiichane barua hii.

Walipomtoa kwenye mashine alikuja mizani akiwa ameshikwa na Mama Shiru, na benchi lilikuwa na watu wanaongoja. Niligeuka. Safari hii nilimgeukia yeye.

"Mama, nisaidie koti. Na viatu."

Wale wa kwetu kwenye benchi wakageuza nyuso. Kukhu akanitazama kwa muda, juu chini, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Leo mkwe anataka koti langu?"

"Ndiyo, Mama. Nataka kuona namba mwenyewe."

"Mtoto wa wenyewe," akasema. "Miaka hii yote nilidhani shingo yako ina ugonjwa. Hata nilimwambia Nekesa akutafutie dawa huko kwa Waarabu."

Benchi zima likacheka, na Mama Shiru akacheka hadi akafuta macho kwa kitambaa. Hata mimi. Nimekaa miaka mitatu nikitazama ukuta kwa ajili ya heshima yake, naye alikuwa akinihurumia kwa ajili ya shingo. Alianza kufungua vifungo. Akiwa bado sakafuni, kifungo cha pili, akasema, "Sitini na mbili."

"Bado, Mama. Panda kwanza."

Akayumba. Nikamnyooshea mkono. Mkono uleule, Nafula, uliomwagisha ndoo. Akaushika bila kufikiri, akapanda. Mlio. Sitini na moja nukta nane, pamoja na dripu na maji ambayo mashine haikuyamaliza. Niliisoma mara mbili. Uzito wa mtu ambaye sahani yake ya mchana tumekuwa tukiikuta imefunikwa, nawe ukinambia, "Amekula, Baba."

Nilikuwa nimelishika koti lake kwenye mkono mwingine. Mfukoni kulikuwa na kitabu cha nyimbo, funguo, na karatasi iliyokunjwa mara nne hadi ikalainika kama kitambaa. Ilianguka, nikaiokota. Ni mwandiko wako. Jumatatu na Alhamisi, hospitali. Namba ya kuingia 64.2. Namba ya kutoka 62.

Sasa najua kwa nini uliuliza mara tatu.

Sikukasirika. Soma tena hapo, sikukasirika. Nafikiri alikuomba mwenyewe. Nafikiri alikwambia kwamba haoni aibu mbele ya mtu yeyote duniani isipokuwa mbele ya mkwe, na kichwa chake kikikosa namba, mkwe atajua. Nawe ulikuwa umekuja naye likizoni, umeona namba nzuri ya siku nzuri, ukamwandikia. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, na kwa kweli nilifanya hivyo hivyo, nikiwa na diploma. Karatasi yako ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mgongo mbele yake. Kama ningekuwa nimegeuka hata siku moja, ingekuwa karatasi tu ya mtoto anayempenda bibi yake. Karani ni mimi. Ukijikuta umelala macho wazi huko bwenini ukiitafuta sehemu yako katika jambo hili, itafute hadi uifikie hii karatasi, kisha simama. Ukiendelea mbele ya hapo unachukua ya kwangu, na ya kwangu sijakupa.

Katika taarifa niliandika kwamba mgonjwa alikuwa akisaidiwa kuikumbuka namba na watu wa nyumbani. Jina lako sikuliandika. Kama siku moja utataka kulisema, utalisema wewe, kwa kinywa chako, kwa mtu utakayemchagua. Nitaiweka karatasi yako ndani ya kamusi pamoja na hii. Sikuona kama ni haki yangu kuichana.

Wala si kwamba mambo yamekuwa mazuri. Njiani kutoka mizani hadi benchi Kukhu aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Daktari atampima upya kila kitu Alhamisi, uzito na kichwa pia, na safari hii hakuna atakayesimama nyuma na vidole. Sista Njoki anasema kuna yanayoweza kupunguzwa, presha isianguke, damu iongezwe, ale, alale, aongeleshwe. Anasema lililokwenda halirudi. Nilimwambia Kukhu kwamba nataka ahamie nyumbani kwangu juu, alale kitanda chako cha zamani. Akashtuka kuliko alivyoshtuka kuhusu koti. "Nilale kwako? Watu watasema nini?" Basi nimempigia mjomba wako Bungoma. Atakuja Jumamosi na wazee wawili, tukae, tuambiane maneno yanayotakiwa, na watufungulie mwiko huo. Aliniambia kwenye simu, tena akicheka, kwamba jambo hilo lingefanywa zamani kama ningeuliza. Sikuuliza. Daftari langu halikuwa na ukurasa huo. Hadi Jumamosi, Mama Shiru atalala naye chini.

Nitakukosa vibaya. Kesho nitarudi kutoka mjini nipande zile ngazi, na hakutakuwa na mtu wa kuniambia nimevaa sweta kinyume. Mama yako ni sauti ya Ijumaa, Kukhu anaondoka mbele yangu huku amekaa, na sasa wewe. Sikwambii hivi ili urudi. Nakwambia ili ukijisikia mpweke huko ujue kwamba nyumbani Kinoo kuna mtu anayekuelewa sana.

Sasa jinsi ya kunipata. Usipige simu ya hapa kazini. Kuanzia kesho sijui kama nitakuwa karani wa meza hii. Jumapili matroni akiwapa simu, piga ya Mama Shiru, ile namba niliyoandika kwenye jalada la ndani la kamusi, kwa sababu yangu huzimika chaji ikiisha na sijui nitakuwa wapi nikitafuta kazi. Mwambie akuitie watu wa juu. Kama ni la haraka, mwambie mwalimu wa zamu ampigie mjomba. Ile siri niliyokuomba pale juu ishike hadi Ijumaa saa mbili usiku tu, mama yako akipiga. Nitamweleza mwenyewe, yote, na baada ya hapo hutakuwa na cha kumfichia mtu kwa ajili yangu.

Ukipiga, omba kwanza kuzungumza na Kukhu. Akinyamaza, akitafuta jina lako, usimnong'onezee. Mwache alitafute, hata kama dakika zinaisha. Mimi nitakuwa nimekaa karibu yake nimeshika simu, nimemtazama.

Baba yako,
Wekesa